Barua ya wazi kwa wakuu wa usalama wa anga: tukagueni, lakini mjue mnachokikagua

Kwa wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga, mameneja wa viwanja vya ndege, wakurugenzi wa kampuni zinazopewa zabuni za ulinzi viwanjani, na kila mwenye kalamu inayoandika taratibu za ukaguzi wa abiria.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni abiria ninayetumia kiti mwendo kwa sababu ya jeraha la uti wa mgongo. Kabla ya yote, niondoe dhana moja ambayo kila mara huyakwamisha mazungumzo haya: sisi watu wenye ulemavu hatuombi kusamehewa ukaguzi. Ndege ikipata balaa angani nasi tumo ndani, tena sisi ndio tutakaokuwa wa mwisho kuufikia mlango. Tunataka kukaguliwa, na tunataka kukaguliwa sawasawa. Ninachokuja kuwaambia ni kwamba hamtukagui sawasawa, na tatizo si ukali wa maofisa wenu wala upole wao. Wengi wao wamesimamishwa pale langoni bila kufundishwa wafanye nini anapofika mtu ambaye mwili wake hauendi kama miili waliyoizoea.

Afisa asiyejua la kufanya huchagua moja kati ya mawili. Ama hukaza kupita kiasi, ama hulegeza kupita kiasi. Yote mawili yamenipata.

Katika uwanja mmoja afisa alimtazama ndugu yangu aliyekuwa akinisukuma, akamuuliza, "Anaweza kusimama?" Nikajibu mimi kwamba siwezi. Akarudia swali lile lile kwa ndugu yangu. Kisha akaniambia niinuke kidogo tu, aangalie chini ya mto wa kiti. Nikamweleza kwamba miguu yangu haina nguvu wala hisia, na kwamba mto wenyewe ni wa hewa, ukivutwa vibaya hautanikalisha tena salama hadi ujazwe upya. Hakusubiri nimalize. Aliingiza mkono chini ya mapaja yangu, akauvuta mto upande, akaendelea kunipapasa kwa glavu zile zile alizotoka kushikia magurudumu. Hakuniambia anakwenda kugusa wapi. Sehemu hiyo ya mwili wangu sina hisia, kwa hiyo nililazimika kuufuata mkono wake kwa macho ili nijue umefika wapi kwenye mwili wangu mwenyewe. Watu walikuwa wamejipanga nyuma yetu, nao wakitazama.

Katika uwanja mwingine mambo yalikwenda kinyume kabisa. Afisa alinigusa bega, akawaambia wenzake, "Mpitisheni jamani, mnamsumbua bure." Nikapitishwa pembeni na kiti changu, na mto wake mnene, na mfuko unaoning'inia nyuma, bila yeyote kutazama chochote. Waliokuwa karibu walitabasamu wakidhani wameona wema. Mimi niliingia ndege ile nikiwa na hofu. Kama huruma peke yake inatosha kukivusha kiti mwendo, basi mtu mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya kukalia kiti mwendo. Na siku atakapotokea mtu wa namna hiyo, adhabu yake itatuangukia sisi tuliobaki.

Nawaomba muyatazame matukio hayo mawili pamoja. Mmoja alinidhalilisha, mwingine alinionea huruma, na hakuna kati yao aliyenikagua. Yule wa kwanza alipoteza dakika nyingi mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutafuta, na mfuko wa nyuma ya kiti hakuufungua. Ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba utu wa abiria na usalama wa ndege vinagombana na kwamba lazima kimoja kipunguzwe ili kingine kipate nafasi. Afisa anayejua kiti mwendo kimeundwaje, anayejua mguu bandia hufungwaje, anayejua mfuko wa stoma ni nini (ule unaovaliwa tumboni kupokea kinyesi au mkojo kupitia tundu lililofanywa na daktari), hukagua haraka zaidi, hukagua kwa kina zaidi, na abiria hutoka pale akiwa na heshima yake.

Wengi hudhani mtu wa kiti mwendo hupekuliwa kwa mikono kwa sababu anashukiwa. Sivyo. Hupekuliwa kwa mikono kwa sababu mashine haikutengenezwa ikimfikiria. Lango la kugundua metali halina maana kwa aliyekaa kwenye fremu ya metali, litalia tu. Skana ya mwili inayotumia mawimbi ya milimita humtaka mtu aingie kwa miguu yake, asimame wima, ainue mikono na atulie kwa sekunde chache. Asiyeweza kusimama, asiyeweza kuinua mikono, anayetetemeka kwa maradhi, anayetegemea magongo mawili, wote hao mashine imewakataa kabla haijaanza kazi. Mwenye mguu bandia anaweza kuingia na kusimama vizuri, lakini skana itaweka alama kwenye mchoro wa mwili pale ilipoona kitu isichokitegemea, na mguu bandia haufichiki. Kwa hiyo abiria wengine hupapaswa mara moja moja. Sisi hupapaswa kila safari, na itakuwa hivyo maisha yetu yote.

Sasa, kama njia mliyotuachia ni mikono ya binadamu, basi mikono hiyo ndiyo chombo chenu cha usalama kwa watu kama mimi. Mashine zenu mnazipima usahihi, mnazifanyia matengenezo, mnazibadilisha zikichakaa. Je, mikono hiyo inapimwa na nani? Nani aliyewahi kumketisha afisa mpya mbele ya kiti mwendo, akamwonyesha mahali pa kushika na mahali pasiposhikwa, akamwambia kwamba mto wa hewa una valvu, kwamba kuna kiti cha umeme chenye betri na nyaya ambazo zikichomolewa ovyo mtu anabaki hawezi kusogea?

Kuna pia kile kitambaa kidogo ambacho afisa hukipitisha kwenye viganja na kwenye kiti, kisha hukiingiza kwenye mashine inayotafuta chembe za milipuko. Binafsi nakipenda kipimo hicho, kwa sababu hupunguza kupapaswa. Lakini anayejisukuma mwenyewe hushika tairi na pete ya gurudumu siku nzima, na chochote kilichokuwa chini humpanda viganjani. Mbolea zenye naitreti zinaweza kuiamsha mashine ile. Glisirini iliyomo kwenye baadhi ya losheni za mikono inaweza pia. Hata nitroglisirini, ambayo madaktari huwapa wagonjwa wa moyo kama dawa, ni kitu ambacho mashine imefundishwa kukitafuta. Afisa anayeyajua hayo, mashine ikilia, hubaki mtulivu na kuendelea na hatua inayofuata. Asiyejua hubadilika uso, huita wenzake, na ghafla mtu aliyekuwa abiria anakuwa mtuhumiwa mbele ya watoto wake.

Nimesema habari za kiti kwa sababu ndicho ninachokijua kwa mwili wangu. Lakini lango hilo hilo huwaumiza wengine kwa njia ambazo mtu anayeona, anayesikia na anayetembea hawezi kuzikisia, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Rafiki yangu mmoja haoni. Alipofika kwenye ukaguzi waliichukua fimbo yake nyeupe, wakaiweka kwenye mkanda wa mashine ya eksirei, ikaenda zake ikatokea upande wa pili. Yeye akabaki amesimama katikati ya sakafu bila ukuta wa kugusa wala mtu wa kumshika. Sauti ikamwambia, "Pita huku." Huku wapi? Simu yake, pochi na pasipoti vilikuwa kwenye trei asiyoiona, vikisubiri mbele ya watu asiowaona. Afisa angeweza kujitambulisha kwa jina, akampa mkono aushike, akaifuta fimbo kwa kile kitambaa cha kipimo na kumrudishia papo hapo, kisha akamhesabia vitu vyake kimoja kimoja mkononi. Hakuna kifaa cha kununua hapo. Kunahitajika mtu aliyefundishwa.

Kwa kiziwi, amri hutolewa nyuma ya mgongo wake, na asipotii huonekana jeuri. Sauti hupandishwa, kana kwamba tatizo ni sauti kuwa ndogo. Afisa akimsogelea mbele, akaonyesha kwa mkono, au akaandika maneno matatu kwenye simu au kadi, kazi imekwisha. Na asilazimishwe kuvua shimesikio lake, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia, ndipo aelezwe la kufanya, maana hapo mnamnyima masikio kisha mnaanza kumsemesha.

Wenye usonji na wenye ulemavu wa akili ndio ninaowahofia zaidi. Kelele, taa, foleni inayosukuma, kisha mkono wa mtu asiyemjua unamgusa kiunoni bila onyo. Wapo watakaopiga kelele, wapo watakaokimbia, wapo watakaoganda wasijibu kitu. Mtoto wa namna hiyo akitenganishwa na mama yake hata kwa hatua tano, mambo yanaweza kuharibika vibaya sana. Nakumbusha hapa jambo ambalo nyote katika kazi hii mnalifahamu. Marekani ilianzisha mwaka 2007 mpango wa kuwatambua abiria wa hatari kwa kutazama dalili za msongo, hofu na udanganyifu katika mwenendo wao. Mwaka 2013 ofisi ya ukaguzi ya serikali hiyo, GAO, iliwasilisha taarifa ikisema kwamba uwezo wa binadamu kumtambua mwongo kwa kumtazama mwenendo hautofautiani na kubahatisha, au umezidi kidogo tu, na ikapendekeza fedha za mpango huo zipunguzwe. Kama dalili hizo haziaminiki hata kwa mtu asiye na ulemavu, zina thamani gani kwa mtu ambaye kukwepa macho, kujibu kwa kuchelewa au kutikisika mwili ndiyo hali yake ya kila siku? Bado viwanjani tunakutana na maofisa wanaomhukumu mtu kwa kumtazama usoni.

Kuhusu vifaa vilivyo ndani ya mwili au vilivyoshikamana nao, nitapita haraka, kwa sababu hapa taratibu nzuri zipo tayari na zinachohitaji ni kutumika. Watengenezaji wa baadhi ya pampu za insulini na vipima sukari vinavyovaliwa mwilini huelekeza visipitishwe kwenye eksirei, na mgonjwa akisema hivyo habishani nanyi, anafuata maelekezo aliyopewa pamoja na kifaa. Mwenye mfuko wa stoma, Marekani humruhusu aupapase yeye mwenyewe juu ya nguo, kisha viganja vyake hupimwa kwa kitambaa. Angalieni jinsi lilivyo rahisi: afisa amepata alichokitafuta, na hakuna mkono wa mgeni uliogusa mfuko ambao ungeweza kufunguka na kumwaibisha mtu kwa siku nzima. Mliweke jambo hilo kwenye kila kitabu cha taratibu duniani.

Mtasema mabadiliko huchukua muda. Hapo naomba tuutazame mwaka mmoja tu, 2006. Mwezi Agosti mwaka huo polisi wa Uingereza walitangaza kuvunja njama ya kulipua ndege kwa vimiminika vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji. Kabla mwaka haujaisha, Marekani na Umoja wa Ulaya walikuwa tayari na kanuni ya chupa ndogo, ile tuliyoizoea kama mililita 100, na haikuchukua muda ikaenea karibu kila uwanja mkubwa. Maofisa walifundishwa, mabango yakachapishwa, abiria wakaambiwa wakiwa bado nyumbani. Mwaka huo huo, Julai, Umoja wa Ulaya ulipitisha Kanuni 1107/2006 inayovipa viwanja wajibu wa kumsaidia abiria mwenye ulemavu, pamoja na kumvusha kwenye ukaguzi wa usalama, na kifungu chake cha 11 kinataka wafanyakazi wafundishwe kuhusu ulemavu. Na tarehe 13 Desemba 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu cha 9 kinadai usafiri ufikike na kila mtu, na kifungu cha 17 kinalinda heshima ya mwili na akili ya mtu mwenye ulemavu sawa na ya wengine. Karibu nchi zote zenye viwanja vyenu zimeuridhia.

Chupa ya maji ilishughulikiwa kwa miezi michache. Sisi bado tunasubiri. Kwa hiyo sisadiki kwamba dunia ya usafiri wa anga haiwezi kubadilisha mwenendo wa lango kwa haraka. Imewahi kufanya hivyo, nasi sote tulishuhudia.

Najua jambo moja linalolifanya suala letu liteleze mikononi mwenu. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao ndio msingi wa usafiri wa anga wa kimataifa, una viambatisho. Kiambatisho cha 9 kinahusu kurahisisha safari ya abiria, na humo ndimo wanamotajwa watu wenye ulemavu. Kiambatisho cha 17 kinahusu usalama. Katika nchi nyingi vinasimamiwa na madawati tofauti, na watu wake hukutana kwa nadra. Dawati la kurahisisha linasema ukaguzi si kazi yake. Dawati la usalama linasema ulemavu si kazi yake. Mimi nakaa pale pale yanapokutana, kwenye mkanda wa eksirei. Nikitaka kulalamika, shirika la ndege hunielekeza kwa uwanja, uwanja hunielekeza kwa mamlaka, mamlaka hunielekeza kwa kampuni ya ulinzi, na kampuni ya ulinzi huniambia afisa yule alikuwa wa zamu na ameshaondoka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba taarifa zangu mnazo. Ninapokata tiketi na kuomba msaada, shirika la ndege huweka alama kwenye jina langu. WCHR ni kwa anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu. WCHS ni kwa asiyeweza ngazi. WCHC ni kwa asiyeweza kutembea kabisa. Wapo wenye BLND kwa asiyeona na DEAF kwa kiziwi. Alama hizo hutumika duniani kote, husafiri kutoka tiketi hadi kwa wanaonisukuma, hadi kwa wahudumu wa ndege waliopanga kiti changu. Mahali zisipofika ni langoni. Lile swali la "anaweza kusimama?" lilikuwa limejibiwa siku nilipolipa nauli. Anzieni hapo, kwa sababu ndipo penye gharama ndogo kuliko pengine pote: afisa wa lango apate kuijua alama ile kabla sijamfikia, kwa namna itakayolinda siri za afya yangu. Hahitaji kujua ugonjwa wangu. Anahitaji kujua kwamba sisimami.

Nayaheshimu yale ambayo baadhi yenu mmeanzisha. Mamlaka ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, ina huduma iitwayo TSA Cares, ambayo abiria huijulisha saa 72 kabla ya safari ili apate msaada kwenye ukaguzi, na ina kadi ambayo mtu humwonyesha afisa bila kulazimika kueleza maradhi yake mbele ya foleni. Kamba ya shingoni yenye maua ya alizeti, iliyoanza uwanja wa Gatwick mwaka 2016 kwa ajili ya wenye ulemavu usioonekana, sasa inatambulika katika viwanja vya nchi nyingi. Ni mambo mema, yaendelee. Ila yana kasoro ambayo lazima isemwe. Yote humtaka abiria ajitangaze, ajipange, apige simu. Mtu anayesafiri kwenda kuzika hana saa 72, kwa sababu msiba haupigi hodi. Na kamba ya alizeti shingoni mwa mtu, mbele ya afisa ambaye hajawahi kuambiwa maana yake, ni pambo. Lango linatakiwa liwe tayari kwa mtu ambaye hakutoa taarifa yoyote, kama lilivyo tayari kwa abiria wengine ambao hawakutoa taarifa yoyote.

Wala siwasahau maofisa wenyewe. Nimekutana na wazuri sana. Mmoja alikaa chini usawa wa macho yangu, akaniuliza kama kuna mahali panaponiuma au nisipohisi, akanieleza hatua zote kabla hajaanza, akabadilisha glavu mbele yangu, akatumia upande wa nyuma wa kiganja alipofika mapajani, na alipomaliza akahakikisha mto umerudi sawa. Aliufungua pia mfuko wa nyuma ya kiti, akatazama chini yake, akaifuta fremu kwa kitambaa cha kipimo. Huo ulikuwa ukaguzi mkali kuliko yote niliyowahi kupita, na nilitoka pale nimetulia. Nilimuuliza amejifunzia wapi. Akasema hakufundishwa na mwajiri. Ana mzazi anayetumia kiti mwendo.

Haifai utu wangu utegemee kama afisa wa zamu ana mgonjwa nyumbani. Maofisa husimama saa nyingi, foleni inawasukuma, msimamizi anataka watu waende, na kosa lolote la usalama litawafuata wao. Mtu katika hali hiyo asipopewa utaratibu ulioandikwa, atabuni wake, na hofu ndiyo itakayomwongoza. Mkitaka kuwalinda maofisa wenu, wapeni utaratibu.

Utaratibu ninaoudai uandikwe na utangazwe hadharani, abiria ausome akiwa bado nyumbani na afisa aujue kwa moyo, ili tukikutana langoni sote wawili tujue kinachofuata. Ndani yake iwemo kwamba afisa husema nami, si na anayenisukuma. Kwamba haniondoi kwenye kiti changu ila kwa ridhaa yangu. Watu wenye majeraha kama yangu wakikalishwa kwenye benchi gumu wakati kiti kinachunguzwa wanaweza kuchubuka bila kuhisi, na kidonda cha mgandamizo huchukua miezi kupona. Kwamba mguu bandia hauvuliwi mbele ya watu. Kwamba anayepapasa ni wa jinsia ya anayepapaswa, na kama hayupo aitwe, na wakati wa kumsubiri usiwe adhabu ya kuniachisha ndege. Kwamba naweza kuomba chumba cha faragha wakati wowote, niingie na msindikizaji wangu, na kukiomba kusihesabiwe kuwa dalili ya kuficha kitu. Na chumba chenyewe kiwe na mlango ambao kiti mwendo kinapita. Vyumba vya faragha ambavyo havinifai mimi nimeviona. Kimoja kilikuwa kimejaa trei na ndoo za kusafishia, na tulipomaliza kuhamisha ndoo, faragha ilikuwa imeshapotea.

Mafunzo yatolewe na watu wenye ulemavu wenyewe, kwa malipo, mbele ya maofisa wenyewe, na yarudiwe. Wapo wenye viti, viziwi, wasioona, wazazi wa watoto wenye usonji, vyama vyao vipo kila nchi. Afisa aliyewahi kukisukuma kiti chenye mtu, akauliza maswali yote aliyokuwa anaona aibu kuuliza, hataganda tena siku nitakapomfikia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3 duniani, yaani mmoja kati ya sita, wanaishi na ulemavu mkubwa. Hatuwezi kuendelea kuwa mshangao langoni.

Mnaponunua mashine mpya pia, jaribuni kwanza na sisi. Kabla zabuni haijasainiwa, mwiteni mtu wa magongo, mwenye mguu bandia, asiyeweza kuinua mkono, mwone mashine inawafanyaje. Mkiona inawakataa wote, mtakuwa mmejua kabla ya kulipa.

Na pawe na mlango mmoja wa malalamiko. Mmoja tu, wenye jina la ofisi na muda wa kujibu, wala abiria asitakiwe kujua kama afisa alikuwa mwajiriwa wa serikali au wa kampuni ya ulinzi. Malalamiko yahesabiwe na hesabu itangazwe kila mwaka, kila uwanja na yake, pamoja na hatua zilizochukuliwa.

Naomba majibu kwa maandishi, kutoka dawati la usalama na dawati la kurahisisha safari kwa pamoja, katika barua moja yenye sahihi mbili. Yatangazwe kwenye tovuti za mamlaka zenu, yawepo pia kwa maandishi makubwa, kwa sauti na kwa video ya lugha ya alama.

Wenu katika safari,

Abiria anayetumia kiti mwendo